Isale la Baba Mkubwa

Baba Mkubwa amezikwa jana na mimi sikwenda. Simu zimepigwa tangu asubuhi, wengine wananipa pole, wengine wananiuliza roho yangu imetengenezwa na nini. Sijazijibu zote. Nimekaa hapa mjini, nyumbani kwangu Lemara, nakunywa chai, na pua yangu bado ina harufu aliyoniletea Elia, mtoto wake, wiki iliyopita.

Elia alikuja bila kupiga simu. Alisimama getini amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akanisalimia kwa upole ambao haujawahi kuwa wake, akaanza kukifungua. Kabla sijaona kilichomo, nilinusa. Isale lenyewe halina harufu ya kutaja. Kilichonukia ni udongo uliong'ang'ania shina lake, udongo mweusi wa kwetu mlimani ukiwa umelowa. Nina nywele nyeupe za kutosha sasa, lakini harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye umri wa kufuta kamasi kwa mkono wa sweta.

Kwa wenzangu wa rika langu ambao hawakulelewa Meru wala Kilimanjaro, isale ni ule mmea wa majani marefu membamba ambao siku hizi mjini unauzwa kwenye vyungu kando ya barabara, na watu wanauita ua. Kwetu si ua. Linapandwa mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya urithi, na likishashika mizizi hakuna wa kuuliza kihamba cha nani kinaishia wapi. Tena ukimkosea mtu, ukamwendea na isale mkononi, hana ruhusa ya kukukatalia. Akishalipokea amefunga mdomo wake na midomo ya wanawe. Ugomvi ule haufufuliwi tena, si kwa wazee wala kwa serikali. Mababu waliweka hivyo ili ndugu wasichinjane. Walikuwa watu wema, ila hawakumfikiria mtu kama Baba Mkubwa.

Elia nitamrudia. Acha kwanza nisimulie mvua.

Masika yale ilinyesha mpaka tukaacha kuisikia. Siku yenyewe ulitangulia upepo, na upepo wa namna ile sijauona tena. Uliilaza migomba yote upande mmoja, ukabandua mabati ya shule, moja likaenda kunasa juu ya mti wa mringaringa na kukaa huko miezi likipiga kelele. Alasiri, huko juu msituni, mlima ukakohoa. Ndivyo masikio yangu ya kitoto yalivyosikia. Baba alitoka mbio kwenda kumfungua ng'ombe. Mama alinisukuma nje kwa mlango wa nyuma, akageuka kuchukua kitu ndani, na boriti la paa likamwangukia mguuni. Tope lilikatiza kihamba chetu upande wa chini, limebeba mawe, miti mizima na banda la jirani. Lilipokwisha kupita palikuwa kimya, mpaka ng'ombe wa mtu akalia mahali ambapo hapakuwa na zizi.

Mama, majirani walimlaza juu ya ubao wa mlango wa jikoni wakateremka naye hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Baba walimpata kesho yake chini korongoni, kamba ya ng'ombe bado ameizungusha kiganjani. Nusu ya chini ya kihamba chetu ilikuwa mawe matupu, kwa hiyo walimzika nusu ya juu, ambayo tope halikuigusa, kati ya mistari ya kahawa aliyoipanda babu. Mama hakuwepo. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa wodini, na hakuna aliyeona haja ya kumsubiri. "Maiti haisubiri mguu," alisema Baba Mkubwa, na waombolezaji wakacheka kidogo, maana alikuwa mtu wa kuchekesha hata msibani.

Baba Mkubwa alikuwa kaka yake baba, na kihamba chake kilipakana na chetu upande wa juu. Alinichukua nikakae kwake. Niseme ukweli hata kama unauma: nilimpenda. Alinipakulia mwenyewe loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akinipa ile sehemu ya katikati ya chungu yenye maziwa mengi, na Elia akinuna alimwambia, "Wewe una baba, nyamaza." Usiku nikilia alikuja kunifunika blanketi. Alikuwa na tabasamu la upande mmoja, la mtu anayeijua siri yako na hataitoa. Mtoto aliyefiwa hahitaji zaidi ya hapo ili atekwe.

Watu hupenda kusema msiba huwafanya wanadamu kuwa wema. Wiki ya kwanza, sawa. Tulilala madarasani, tukala chungu kimoja, tukaimba. Baada ya hapo zikaja nguo za msaada, na nikaona wazee wa kanisa wakivutana koti. Nikaona mama mmoja wa kwaya akimvua mtoto wa mwenzake viatu akisema ni vya mwanawe, na mtoto akaenda zake peku kwenye matope. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchimbuachimbua tope kutafuta vitu. Siku moja nililiona sufuria la mama, lile la harusi lenye kibonyeo ubavuni, likitokota maharage kwenye mafiga ya jirani. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hilo ni letu." Hakuinua hata kichwa. "Marahaba. Tope limenipa," akasema, akaendelea kukoroga.

Msemo ule ukashika. Ukimwona mtu na jembe lako: tope limenipa. Kuku, bati, ndoo, hata mbuzi mwenye alama ya sikio: tope limenipa. Tulikuwa tunaucheza kama mchezo, tunanyang'anyana viazi huku tunaimba. Baba Mkubwa peke yake sikumsikia akiusema hata siku moja, na mimi nilidhani ni kwa sababu ana heshima.

Kisha wakaja wanafunzi wa misitu kutoka chuo cha Olmotonyi na miche kwenye trekta. Dada mmoja aliyevaa gambuti alitukusanya watoto, akachukua fimbo akachora mlima chini, akachora na mizizi. Akasema mlima hauna mikono. Miti ndiyo mikono yake, na mlima uliokatwa mikono hauwezi kushika udongo. Nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mwalimu yeyote. Nilipanda miche mpaka kucha zikang'oka. Akilini mwangu hesabu ilikuwa rahisi: baba alikufa kwa sababu mikono haikutosha.

Kwa hiyo siku niliyomkuta Baba Mkubwa mpakani anang'oa masale ya zamani, yale ya tangu babu yetu, sikushtuka. Kila mtu kijijini alikuwa anang'oa hiki na kupanda kile. Aliniambia masale yale yamezeeka, yamechoka, tunayahamishia chini yakapate nguvu mpya. Tukayateremsha, tukapita kaburi la baba, tukafika pale mawe yanapoanzia, na hapo akaanza kuchimba vishimo kwa mstari ulionyooka.

"Ni ya kushika mlima?" nikamuuliza.

Alisimama, jembe likiwa hewani. Akanitazama, lile tabasamu likaja polepole.

"Ndiyo, mwanangu. Tope lisije likamsumbua tena baba yako."

Basi nikafanya kazi. Nilichota maji korongoni kwa kopo la mafuta, nikapanda kilima, nikamwagilia kila shina, nikarudi. Elia alikaa juu ya jiwe akinicheka. Nilimwita mvivu asiyempenda mlima. Jioni Baba Mkubwa alinisifu mbele ya wageni, akasema mtoto huyu ana mkono wa kupanda, na mimi nikalala nikiwa nimevimba kwa fahari. Masale yalishika yote, hakuna hata moja lililonyauka.

Mama alirudi kwenye pikapu ya usharika, mguu mmoja umekakamaa, magongo mawili kwapani. Amekonda mpaka gauni linamzunguka. Hakutaka chai wala kukaa. Alitaka kaburi. Nikamtangulia, naruka mawe, nina haraka ya kumwonyesha kazi yangu.

"Mama, ona! Nimemwagilia mimi. Yanashika mlima."

Alisimama mbele ya mstari ule. Akautazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Yametoka wapi haya?"

"Kule juu. Baba Mkubwa anasema yalikuwa yamezeeka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka hivyo mchana kweupe. Baba Mkubwa alikuwa anateremka kati ya kahawa, mikono nyuma. "Shemeji, karibu, pole na safari," akasema. "Ukitaka kumwona marehemu useme tu. Njia nitakupa."

"Tangu lini natakiwa niombe njia kwenye kihamba changu?"

"Shemeji, tope limebadilisha mambo."

Mama alimwita mwizi. Alimwita kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimachame cha kwao, mpaka watu wakatoka kwenye maturubai. Baba Mkubwa alisubiri mama aishiwe pumzi, kisha akamjibu taratibu ili wote wasikie. "Wewe ni mtu wa kuja. Ulikuja hapa na sanduku. Sanduku limekwenda na tope. Sasa cha kwako hapa kimebaki kipi?"

Watu walitazama chini. Yule mama mwenye sufuria letu alicheka.

Mama alikwenda kwa mzee wa ukoo kwa magongo yake, akipumzika kila penye jiwe. Wakakubaliana kwamba Jumamosi wazee watakuja kuutembea mpaka, pamoja na wale wanaokumbuka masale ya babu yalipokuwa, na aliyeona yakihamishwa atasema. Aliyeona nilikuwa mimi. Mama alinikalisha chini, akaniambia, "Hutaongeza, hutapunguza. Utasema ulichoona kwa macho." Kipande cha juu ndicho kilichokuwa na kahawa, migomba iliyoanza kuchipua, na baba. Bila kipande kile tulikuwa na mawe. Hilo nililielewa, japo bado sikuelewa ubaya wa masale yangu. Nilidhani ugomvi ni wa lile neno la sanduku.

Jumamosi wazee walifika mapema, wakakaa uani kwetu kwenye mbao na ndoo zilizopinduliwa. Mama alikuwa amewaandalia chai ya maziwa na viazi, vyote vya kuazima. Kabla hawajanyanyuka kwenda mpakani, Baba Mkubwa akatokea. Amevaa koti la kanisani, miguu peku, kichwa ameinamisha, na mkononi ana isale lililofungwa fundo.

"Wazee wangu," akasema, "nimemtukana mke wa mdogo wangu. Nimemwambia maneno ya sanduku, maneno ambayo Mkristo hasemi. Sikulala. Nimekuja kuomba msamaha."

Kuhusu kihamba hakusema kitu. Hakuhitaji. Isale halichagui kipande cha ugomvi, linafunga wote. Kila mtu mzima pale uani alilijua hilo, na wazee wakatazamana. Mama alikuwa amesimama mbele yake, na mikono yake haikusogea.

"Mama, mikono," mzee wa ukoo akamkumbusha kwa upole.

"Mikono yangu ina magongo," mama akajibu.

Mzee mmoja akakohoa. Nadhani dakika ile mama alikuwa ameshinda, maana mtu hawezi kusimama na isale mpaka jua lizame. Ingebidi aende nalo, na wazee wangeutembea mpaka. Baba Mkubwa naye aliliona hilo. Akageuka nusu hatua. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, na akanipa lile tabasamu la loshoro.

"Mwanangu," akasema, "limebaki moja hili. Shika."

Mama alikuwa amenifundisha vizuri. Kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja. Unapeleka yote miwili, unapinda goti, unashukuru. Nikapeleka yote miwili. Nikapinda goti.

"Asante, Baba Mkubwa," nikasema. "Tukalipande wapi?"

Mtu akacheka. Nasikia bado kicheko kile. Mama alitoa sauti, akatupa gongo moja ili aninyang'anye, akaanguka, na hakuna aliyemnyanyua kwa sababu wote walikuwa wanatazama mikono yangu.

"Limepokelewa," akasema mzee wa ukoo.

"Huyo ni mtoto!" mama akalia kutoka chini.

"Ni damu ya marehemu," Baba Mkubwa akasema. "Wewe umeolewa hapa, shemeji. Yeye amezaliwa hapa. Nyumba imepokea."

Wazee wakanong'ona, wakakubaliana kwamba ndivyo. Hawakwenda mpakani. Lakini chai ilikuwa imeshaandaliwa, kwa hiyo walikaa wakainywa yote, na viazi wakala, na mmoja akamsifu mama kwa kupika. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na jani langu, nasubiri mtu anionyeshe shimo.

Walipoondoka mama aliniita. Akaniambia nifungue viganja. Akavichapa kwa gongo, kimoja halafu kingine, ile mikono aliyoifundisha mwenyewe, mpaka aliyeanza kulia akawa yeye. Jioni aliipaka mafuta. Isale alilitupa jikoni likaungua polepole, na moshi wake ukatuchoma macho.

Kuna wanaongoja hapa nijilaumu. Sijilaumu. Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Mwenye haya awe yule mzee aliyechuchumaa. Mahakama ilikuwa mjini, na hata kama mama angefika huko, nani kijijini angesimama kutoa ushahidi juu ya jambo lililofungwa na isale? Alibaki na mawe. Akanunua nyundo. Alikaa juu ya kipande chetu akiponda mawe yaliyomuua mumewe, akauza kokoto kwa waliokuwa wanajenga upya, pamoja na waliomcheka. Kokoto ile ndiyo iliyonisomesha. Jumapili akitoka kanisani alisimama upande wake wa masale, akamsalimia baba kwa mbali, akarudi. Njia hakuiomba. Alipofariki tulimzika kwenye mawe, kwa sululu, kazi ya kutwa nzima. Baba yuko juu, mama yuko chini, na katikati yao ni masale niliyoyamwagilia mimi, yamenona kuliko ya mtu yeyote kijijini.

Sasa Elia, pale getini.

"Baba hali, halali," akaniambia. "Anataja jina la mama yako. Amesema kwa kuwa mama hayupo, nikuletee wewe. Dada, anataka kufa na roho nyeupe."

"Na kile kipande?"

"Kipande kipi?"

"Lilipo kaburi la baba yangu."

Elia alitazama viatu vyake. "Kule mimi nimeshajenga, dada. Lakini kaburi lipo. Tumelizungushia matofali vizuri tu."

"Kwa hiyo ananiomba nini?"

"Msamaha."

Kabla sijajibu, mlango wa nyumba ulifunguka, na binti yangu mdogo, niliyempa jina la mama, akatoka mbio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Shikamoo mjomba!" Na Elia, ambaye alikuwa juu ya jiwe siku zile akinicheka, ambaye alikuwepo uani Jumamosi ile, akachuchumaa. Uso wake ulibadilika nikauona wa baba yake, na tabasamu likaja upande mmoja.

"Marahaba, mama. Njoo upokee zawadi ya babu."

Mwanangu akapeleka mikono yote miwili. Akapinda goti. Nimemfundisha mwenyewe.

Nilimdaka kwa nyuma. Nilivishika vifundo vyake vya mikono vyote viwili na kuvivuta kifuani kwangu.

"Mwambie baba yako nimemsalimia," nikamwambia Elia. "Mwambie mikono yangu ina mtoto."

"Dada, unajua isale likirudi mikononi mwa mwenyewe. Atakufa vibaya."

"Najua."

Alisubiri kidogo, labda nitalegea. Kisha akalifunga kwenye gazeti, udongo ukamwagika kidogo getini, akaenda zake. Nilimtazama mpaka akakata kona.

"Mama, unaniumiza," mwanangu akasema.

Nikafungua vidole. Alama zangu zilikuwa zimebaki kwenye ngozi yake, nyekundu, na viganja vyake vilikuwa havina kitu. Nilivigeuza, nikavitazama tena ili niwe na hakika. Sikumwomba radhi. Nilifurahi, nilifurahi sana, nikamwambia aingie ndani akamalizie kusukwa.